Haziingii Gia

Saa moja asubuhi, Oulu bado ni usiku.
Nje ni ishirini na sita chini ya sifuri,
na Jarkko Leppäkorpi anaingia maabara
na buti zenye theluji, mkono kwapani
kama mtu aliyeumia mbavu.
Hajaumia. Amekumbatia kichupa.
Tulimwambia: kisipoe, kiwe na joto la mwili wako.
Naye amekitia kibindoni, chini ya sweta na fulana mbili,
akaendesha greda la theluji kilomita kumi na nane,
akiwafyekea watu wengine barabara.

"Kingali vuguvugu," anasema, bila kunitazama.

Mimi ni mtu wa kuhesabu.
Miaka kumi na mmoja kazi yangu ni kidole gumba na kitufe:
hii inakwenda, hii inajikokota,
hii imelala, hii ina vichwa viwili.
Mia mbili, kisha mia mbili tena.
Nimehesabu za wanajeshi na za walimu wa hisabati;
chini ya darubini hakuna cheo.

Zake ni nyingi. Zimejaa kwenye kioo
kama alama za mkato zilizotoroka kitabuni.
Zinaogelea, tena kwa mstari ulionyooka.
Cheti cha hospitali ya kwanza kilisema: kawaida.
Na kwa neno hilo moja, kawaida,
Henriikka wake alichomwa sindano miaka minne,
akapigwa picha za tumbo,
akanyweshwa majani ya msituni yaliyochemshwa na mama mkwe.

Lakini kutangulia si kufika.
Yai halifunguki kwa mbegu inayotembea tembea.
Seli zinazolizunguka hudondosha homoni;
mbegu ikiionja, vijilango vya mkiani hufunguka,
kalsiamu huingia kwa kishindo kisicho na sauti,
mkia huacha kupunga, huanza kuchapa.
Mjeledi. Pasipo mjeledi huo, hakuna kupenya.

Nadondosha homoni kwanza kwenye za mwanafunzi
aliyejitolea kwa ajili ya kuponi ya chakula.
Mstari wa kijani unaruka juu ya skrini.
Kisha za Jarkko.
Mstari umelala.
Nabadilisha pipeti. Napima joto. Nailaumu mashine.
Naandaa upya, narudia mara tatu.
Umelala, kama ziwa mwezi wa Februari.

Katika makala ya Daktari Vuorela
atakuwa mshiriki wa thelathini na moja,
nukta moja nyeusi chini kabisa ya nukta za wenzake.
Sikatai, nukta hiyo tumeitafuta miaka mitatu.
Nilipiga makofi peke yangu,
kisha nikaona haya.

Siku ya majibu daktari alizungumza vizuri:
jeni, vipokezi, asilimia.
Jarkko aliitikia kwa kichwa kila palipokuwa na nukta.
Kwenye korido akanisimamisha.

"Zinaogelea?"
"Zinaogelea."
"Sasa?"

Nikatafuta neno. Nikazitazama buti zake.
"Uko mlimani, kwenye barafu, gia ya tano.
Injini nzima, mafuta tele. Nguvu haiji."
Akafikiri.
"Kwa hiyo haziingii gia."
"Haziingii gia."
Akacheka, cheko fupi, la kwanza kulisikia kwake,
nalo likamkaukia mdomoni.

"Kuna njia," nikasema haraka. "Mbegu moja
huingizwa ndani ya yai kwa sindano. Haihitaji kuchapa."
Alinisikia. Ila mawazo yake hayakuwa kwa mtoto.
"Niandikie," akasema. "Nimpelekee mama."

Karatasi za utafiti hazina majina,
wala hazitoki nje ya jengo.
Nikageuza risiti ya kantini, nikachora mikia miwili:
mmoja umejikunja kama ndoana, mmoja umenyooka.
Chini ya ulionyooka nikaandika: *wa mwanao*.
Akaikunja mara nne,
akafungua zipu, akapandisha sweta na fulana mbili,
akaitia pale pale kilipokaa kichupa.